Kompyuta Saba, Jina Moja

Folda ilikuwa moja tu. Nilitarajia kukuta saba.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa Mei, mvua ya masika ikipiga mabati ya banda la chai lililo chini ya ofisi, Moi Avenue, Mombasa. Ofisi yenyewe hushughulikia hati za makontena yanayotoka bandarini Kilindini. Diski ya kompyuta ya uhasibu ilikuwa imekufa mwisho wa juma, na mama anayeshika vitabu vya hesabu alikuwa amesimama nyuma yangu, leso begani, akingoja nimrudishie kazi yake ya miezi mitatu. Tangu mwanzo nilikuwa nimemwambia asiwe na wasiwasi, kwamba kila usiku kila mashine hupeleka nakala ya kazi zake kwenye seva. Na kweli zilikuwa zikipeleka. Nikaingia kwenye seva, nikafungua mahali pa bakapu, nikakuta folda moja iitwayo "ofisi". Ndani yake mlikuwa na daftari la wageni, barua za mapokezi na picha za harusi ya mtu. Hesabu hazikuwamo.

"Kazi yangu iwapi, mwanangu?"

"Nipe muda, mama," nilimwambia, na huku najua kuwa hata ningepewa mwaka mzima nisingeipata.

Kosa nililifanya miezi minane kabla, Jumamosi moja, nikikimbizana na maghribi. Nilisimika Debian, aina moja ya mfumo wa Linux, kwenye mashine moja, nikaitengeneza ikatengenezeka, kisha nikanakili diski yake nzima kwenye nyingine sita. Njia hiyo huokoa saa nyingi. Lakini anayenakili diski ananakili kila kilichomo, na jina la mashine nalo limo. Ile ya kwanza niliiita "ofisi" bila kufikiri, kwa kuwa programu ya usimikaji iliniuliza jina nami nilitaka kusonga mbele. Basi zote saba zikaamka zikijiita "ofisi". Na skripti ya bakapu, ambayo niliiandika kwa mkono wangu, ilikuwa na mstari huu:

rsync -a --delete /home/ kusi:/bakapu/$(hostname)/

Amri ya rsync hunakili mafaili, na "kusi" ni jina la seva. Pale penye $(hostname) mashine hujiuliza jina lake na kuliweka, ili kila moja ipate folda yake. Neno --delete laiamuru ifute kule kila kisichokuwako huku. Saa nane usiku mashine ya kwanza ikapeleka kazi zake kwenye /bakapu/ofisi/. Dakika kumi baadaye ya pili ikaja palepale, ikafuta za mwenzake na kuweka zake. Hivyo hivyo mpaka ya saba, ile ya mapokezi, ambayo ndiyo iliyobaki na folda mpaka usiku wa pili. Ripoti ya asubuhi ilisema kazi imefaulu mara saba, na ilisema kweli.

Mama yule alizichapa upya ankara za miezi mitatu kutoka kwenye majalada ya karatasi. Nilikwenda kila jioni kumsaidia, yeye akisoma nami nikichapa, kwa muda wa wiki mbili. Hapo ndipo nilipopata wasaa wa kulifikiria jambo ambalo nilikuwa nimelipita haraka kwa miaka mingi: jina la kompyuta ni nini hasa, linakaa wapi, na nani hulitumia.

Ishara zilikuwapo, lakini sikuzitazama. Kompyuta inapoiomba ruta anwani huitajia na jina lake. Ukurasa wa ruta ile ulikuwa na "ofisi" saba, mojamoja na anwani yake. Daftari la matukio kwenye seva lilikuwa na maelfu ya mistari ya "ofisi", na usingeweza kujua ni nani alikosea neno la siri, mhasibu au mapokezi. Nilipoandika ssh ofisi, amri ya kuingia kwenye mashine nyingine kwa mbali, nilifika kwa yeyote aliyechukua anwani mwisho. Mara moja nilitengeneza printa ya mtu ambaye printa yake haikuwa na tatizo lolote.

Hapa kwetu hakuna anayeridhika na jina moja. Nenda Kibokoni umuulizie Ali. Utaulizwa "Ali yupi?" kabla hujamaliza salamu. Itabidi utaje babake, na pengine mlango wao uko upande gani wa msikiti, na watu wazima wa zamani wangetaka kujua ni wa mji gani, Mvita au Jomvu, Kilindini au Changamwe. Jina la kwanza latosha ndani ya nyumba tu. Nje ya nyumba lahitaji kitu cha kulifuata nyuma.

Kwa kompyuta kitu hicho ni domeini, au kikoa kama kilivyofasiriwa. Mimi nalipenda neno kikoa. Wazee wetu walilitumia kwa watu wanaokula pamoja kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kula kikoa. Mashine za kikoa kimoja nazo zinajuana kwa majina ya kwanza, na mgeni kutoka nje huziita kwa jina kamili: mtepe.pwani.test, kwa mfano, ambapo "mtepe" ni jina la mashine na "pwani.test" ni kikoa. Kikoa halisi cha ofisi sitakitaja. Mwisho wa .test uliwekwa kando mwaka 1999 kwa ajili ya mifano na majaribio, hakuna atakayeusajili, kwa hiyo nitautumia hapa bila kumkanyaga mtu.

Sasa, jina linakaa wapi? Kwanza ndani ya kiini cha Linux chenyewe, kwenye kumbukumbu ya muda. Utaliona ukisoma /proc/sys/kernel/hostname. Zima mashine, limepotea. Ndiyo maana aliyeandika sudo hostname jahazi (sudo huomba ruhusa ya msimamizi) akaona jina limebadilika huenda zake akiwa na furaha, kisha umeme ukikatika usiku asubuhi anakuta jina la zamani limerudi. Jina la kudumu huandikwa kwenye faili /etc/hostname, mstari mmoja, na mfumo hulisoma kila unapoamka. Amri inayofanya yote mawili kwa pamoja ni hii:

sudo hostnamectl set-hostname mtepe

Ukiandika hostnamectl peke yake utaonyeshwa hali ilivyo. Kwenye mifumo ya zamani ya Red Hat jina liliandikwa ndani ya /etc/sysconfig/network, na bado kuna maelezo mengi yanayozunguka mtandaoni yakikutuma huko. Yaache.

Utagundua kwamba amri ile haikugusa kikoa. Na hapa ndipo watu wengi hupotea, nami nilipotea nao, kwa sababu ipo amri iitwayo domainname, na ukiiandika inakujibu kuwa hakuna kitu, na mtu hudhani ndipo pa kujaza. Sipo. Kikoa kile ni cha NIS, mfumo wa Sun Microsystems wa kugawana majina ya watumiaji kati ya mashine. Zamani uliitwa Yellow Pages, mpaka ikabainika kuwa jina hilo ni alama ya biashara ya British Telecom kule Uingereza, likabadilishwa. Amri zake hata leo huanza kwa herufi yp. Hauhusiani na kikoa tunachokizungumzia. Ukitaka kukiona cha kweli, andika hostname -d, na jina kamili hostname -f.

Na hayo mawili hayatoki kwenye mpangilio wowote uitwao "kikoa". Linux hulichukua jina fupi, hulipeleka kuuliza kama mgeni yeyote angeuliza, na jibu linaloletwa ndilo jina kamili. Wa kwanza kuulizwa, kwa kawaida, ni faili /etc/hosts. Kwa hiyo kikoa cha mashine huwekwa humo:

127.0.0.1   localhost
127.0.1.1   mtepe.pwani.test   mtepe

Utaratibu wa maneno kwenye mstari wa pili una uzito wote. Jina kamili hutangulia, fupi hufuata. Ukiyageuza, hostname -f itakujibu "mtepe" tu, na hostname -d itanyamaza. Nimewahi kuiona hali hiyo kwenye seva tatu za watu watatu tofauti, na kila mmoja alikuwa amekwisha kusimika upya angalau mara moja.

Ile 127.0.1.1, anwani ambayo mashine hujiita yenyewe kwa ndani, ni desturi ya Debian kwa mashine isiyokuwa na anwani ya kudumu. Seva yenye anwani yake, iandikie anwani hiyo:

192.168.10.5   kusi.pwani.test   kusi

La sivyo programu inayosikiliza kwa jina la mashine itajisikiliza yenyewe, na walio nje watabisha hodi bila kuitikiwa.

Faili hili la hosts nina mapenzi nalo ya tangu ujana. Nilijifunza kompyuta kwenye saiba moja ya Mwembe Tayari, kabla ya 2009, mwaka ambao nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS ziliibuka baharini hapa Mombasa. Wakati ule njia ya kwenda nje ilikuwa setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu ya vichwa vyetu, na swali la jina peke yake lilikula kama nusu sekunde kwenda na kurudi kabla ukurasa haujaanza hata kuja. Kaka aliyetufundisha alikuwa na mazoea ya kuandika ndani ya /etc/hosts anwani za mashine tulizozitembelea mara kwa mara, ili swali lisitoke mlangoni. Sikujua siku zile kwamba alikuwa akifanya kile ambacho mtandao mzima ulikuwa ukifanya mwanzoni. Enzi za ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, palikuwa na faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa Menlo Park, California, na timu ya Elizabeth Feinler. Ukitaka mashine yako ijulikane uliwaarifu wao, nao waliiandika, na kila mtu alikuja kuchukua nakala. Mashine zilipozidi, faili likaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akaandika mpango wa DNS, mfumo wa majina ya mtandao, ambapo kila kikoa hutunza majina yake chenyewe. Faili la /etc/hosts ni mjukuu wa lile la Menlo Park, na bado laulizwa kwanza, kabla ya DNS.

Nikarudi kwenye mashine zangu saba. Kabla ya amri yoyote nilikaa na karatasi kuchagua majina.

Don Libes aliandika mwongozo juu ya jambo hili, RFC 1178, wa Agosti 1990, na ushauri wake mwingi bado wafaa: usiiite mashine kwa jina lako, wala kwa kazi inayofanya, maana mtu huhama na kazi hubadilika lakini jina hubaki, chukua majina ya jamii moja. "Mapokezi" na "uhasibu" yalinijia haraka, nikayaacha kwa sababu hiyo. Nilichagua vyombo vya bahari kwa kompyuta za mezani: jahazi, mashua, dau, betili, bedeni, ngalawa, mtepe. Pepo nimeziachia seva. Kusi ilikuwapo, na siku ikija ya pili itakuwa kaskazi.

Sheria za herufi si ngumu: herufi za kawaida, tarakimu, na kistari ambacho hakianzi wala hakimalizi jina. Herufi kubwa na ndogo ni mamoja. Mstari wa chini haukubaliki. Linux inaruhusu herufi 64, ingawa kila sehemu ya jina katika DNS inakomea 63, na sijamwona mwenye haja ya kufika kumi. Kwetu Waswahili kuna hasara moja, nayo ni ng'. Mzee mwenye ofisi alitaka mashine ya nane, ya ghala lake la Likoni, iitwe Ng'ambo, na ile alama ya juu haipiti. Nikaandika "ngambo", na hilo kwa mtu anayejali lugha yake linakwaruza. Ilibidi nimwonyeshe kwamba kuna jina la pili, la kuonyeshwa watu, ambalo halina masharti hayo:

sudo hostnamectl set-hostname "Ghala la Ng'ambo" --pretty

Hilo huhifadhiwa kwenye /etc/machine-info, na ndilo analoliona akifungua mipangilio. Aliridhika, nami pia kidogo.

Kikoa nacho kina mtego wake. Aliyenitangulia kazini alikuwa ameanza kutumia jina la ofisi likimalizikia .local, na nimekuta hivyo mahali pengi mjini. Mwisho huo, tangu 2013, umetengwa rasmi kwa ajili ya mashine zinazoitana zenyewe kwa sauti ndani ya chumba bila seva ya majina, kazi ambayo kwenye Linux hufanywa na programu iitwayo Avahi. Ukiufanya kikoa chako, baadhi ya mashine zitauliza seva na nyingine zitapiga kelele chumbani, na utapata majina yanayofanya kazi leo na kukataa kesho. Ofisi yenye jina lililosajiliwa chini ya .ke ina dawa nyepesi: iongeze sehemu mbele, ya matumizi ya ndani. Nyumbani kwangu Tudor natumia home.arpa, iliyotengwa 2018 kwa kazi hiyohiyo, na tangu 2024 ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao, wametenga .internal pia.

Siku ya kubadilisha nilianza na /etc/hosts kwenye kila mashine, hostnamectl baadaye. Ukitangulia na jina, amri ya sudo inayofuata huanza kulalamika kwamba mwenyeji huyo haijulikani ni nani, na mara nyingine hukaa ikingoja jibu la DNS ambalo haliji. Kisha nikashughulikia vitu ambavyo jina peke yake haliviponyi. Mashine zilizonakiliwa zilikuwa bado na funguo zilezile za SSH na kitambulisho kilekile cha mfumo:

sudo rm /etc/ssh/ssh_host_*
sudo dpkg-reconfigure openssh-server
sudo rm /etc/machine-id /var/lib/dbus/machine-id
sudo systemd-machine-id-setup

Hicho kitambulisho usikidharau. Mifumo mingine hukitumia kujitambulisha inapoomba anwani, na mashine mbili zenye kitambulisho kimoja zaweza kupewa anwani moja zikagombana mchana kutwa.

Zizime kisha uziwashe. Nasema hivyo kwa sababu nilijaribu kutozima. Terminali iliyokuwa wazi iliendelea kuonyesha "ofisi", jambo dogo. Lakini kwenye mashine mbili programu mpya zilikataa kufungua dirisha, kwa kuwa ruhusa ya skrini ilikuwa imeandikwa kwa jina la zamani. Na kwa dada wa mapokezi Chrome iligoma ikidai kuwa kompyuta nyingine inatumia data zake. Kompyuta hiyo nyingine ilikuwa ni hiyohiyo yake kabla sijaibadilisha jina. Nikafuta faili SingletonLock ndani ya ~/.config/google-chrome, ikafunguka.

Barua pepe za ripoti nazo zikapona, nilipoiandikia Postfix, programu ya kupeleka barua, jina kamili la mashine kwenye mpangilio wake wa myhostname. Hujitambulisha kwa wenzake kwa jina hilo, na kwa miezi yote ile ilikuwa ikisema "ofisi.localdomain", jina lisilojulikana popote duniani, na wapokeaji wengine waliifungia mlango. Kwa barua zinazotoka moja kwa moja kwenda nje kuna la zaidi: anwani ikiulizwa ni ya nani ijibu jina lilelile, na rekodi hiyo huwekwa na mwenye anwani, yaani kampuni ya intaneti, kwa hiyo jiandae kupiga simu.

Jambo la mwisho nililoliweka ni lakabu. Watu hawaendi "kusi". Wanaenda kwenye mafaili. Kwenye seva ya majina niliandika kwamba faili.pwani.test ni lakabu ya kusi.pwani.test, na kila mmoja akaelekezwa "faili". Siku kusi ikichoka na kaskazi ikachukua nafasi, nitabadilisha mstari mmoja. Kisiwa chetu kimeishi hivyo karne nyingi: mapokeo yanamtaja Mwana Mkisi na mji wake wa Kongowea, akaja Shehe Mvita na mji ukaitwa Mvita, ramani zikaandika Mombasa, na aliyetumwa kwa jina lolote kati ya hayo amefika.

Usiku ule nilikaa macho mpaka saa tisa. Nikaingia kwenye seva, nikaandika ls /bakapu:

bedeni betili dau jahazi mashua mtepe ngalawa ngambo

Nikazifungua moja baada ya nyingine, nikasoma tarehe za mafaili, nikatoa faili moja kutoka kila folda na kulirudisha kwenye mashine yake ili nijue linarudi. Tangu siku hiyo nafanya hivyo kila mwezi.

Majina niliyachapa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, nikayabandika mbele ya kila kompyuta. Nilimwachia mama wa hesabu achague la kwake kwanza. Alisoma orodha yote polepole, kidole kikifuata.

"Mtepe," akasema. "Babu alikuwa akituhadithia. Chombo kizima kimeshonwa kwa kamba, hakina msumari hata mmoja."

Wiki moja baadaye simu ililia nikiwa chumba cha seva. "Mwanangu, Mtepe haichapishi." Zamani angesema "kompyuta yangu", nami ningepanda ngazi kwenda kuitafuta. Niliandika ssh mtepe, nikakuta printa imesimamishwa, nikaiamsha. Bado tuko kwenye simu, nikasikia karatasi zikianza kutoka upande wake.